Taa za Maulidi na Kasha la Umeme la Kompyuta

Usiku wa maulidi ya chuo chetu hapa Kiwangwa, miaka miwili iliyopita, ulionekana moshi katika banda la makuti walimokaa watoto. Haukuwa moshi wa udi wala wa ubani, kwani vyetezo vilikuwa upande wa wazee. Ulitoka darini, mahali ulipopita waya mwembamba wa taa ndogondogo ambazo vijana wetu walizitunga kwa siku tatu. Mzee mmoja alijifunga kitambaa mkononi akauvuta waya ule chini, mwingine akaleta mchanga, na watoto wakatolewa nje hali wangali wameshika vitabu vyao. Alhamdulillahi, hakuungua mtu ila kijana mmoja, aliyepata malengelenge katika vidole viwili. Lakini makuti yaliyokaushwa na miezi ya jua hayahitaji zaidi ya cheche moja, na sisi tuliowaalika wazazi wa watoto wale hatukupata usingizi hata alfajiri.

Tumeona yafaa kuyaandika yaliyotufika, kwa kuwa tunajua kwamba majumbani mwa wasomaji wetu wamo vijana wanaofanya kazi kama ile, na wazazi wanaowatazama kwa furaha bila ya kujua waulize nini. Hatuingii hapa katika maneno ya wanaosoma maulidi na wasiosoma. Taa ni taa, na mwezi wa Ramadhani hutungikwa misikitini vilevile.

Kiwangwa, kwa wasioijua, ni katika njia ya Bagamoyo kwenda Msata, na wapitao hutujua kwa mananasi yaliyopangwa kando ya barabara. Sisi tulisoma Kurani kwa kibatari, na kila asubuhi tukipenga kamasi tuliuona moshi wake. Leo umeme upo, na Luku hununuliwa kwa simu, lakini chuo hakina fedha za kununua taa za sherehe. Basi kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu tangu alifu mpaka akahitimu, akatujia na kompyuta kuukuu iliyonunuliwa Kariakoo na ikafa. Akatoa ndani yake kasha la bati lenye feni, ambalo mafundi huliita pawa saplai, na kichane kizima cha nyaya za rangi mbalimbali. Akauunga waya wa kijani na waya mweusi, feni ikazunguka.

“Maalim,” akasema, “humu mnatoka volti 12 tu. Hata ukizishika kwa mikono miwili hazikufanyi kitu.”

Tukazishika, na kweli hazikutufanya kitu. Tukaridhika. Hapo ndipo tulipokosea, mwalimu na mwanafunzi wake pamoja.

Elimu yetu sisi ni ya chuoni na ya darasa la saba, lakini katika ujana wetu tulikaa miaka na fundi wa redio mjini Bagamoyo, na tuliyoyasikia kwake hatukuyasahau yote. Baada ya mkasa ule tuliketi na kijana wetu, tukiwa na mita ya kupimia, daftari na lile kasha lenyewe, tukatafuta ni kwa nini volti 12 zisizomdhuru mtoto ziliweza kutaka kuunguza banda zima.

Jawabu ni kwamba volti ni nusu tu ya habari. Volti ni kama kimo cha tangi la maji juu ya mnara wake. Ampea ni wingi wa maji yanayopita katika bomba. Mwili wa mwanadamu mwenye ngozi kavu ni bomba jembamba mno, na kwa msukumo wa volti 12 hapiti umeme wa kuhisiwa. Lakini waya wa shaba ni bomba pana. Ubavuni mwa kila kasha pana kibandiko chenye hesabu, na sisi tulikuwa hatujakisoma. La kwetu liliandikwa kuwa waya wa njano, ulio wa volti 12, waweza kutoa ampea 16, na waya mwekundu, ulio wa volti 5, ampea 25. Hayo si maajabu, maana kompyuta hula sana. Taa ndogo ya LED, ya namna ile ya kipenyo cha milimita 5, haitaki zaidi ya miliampea 20, na miliampea 1,000 ndizo zifanyazo ampea 1. Kwa maneno mengine, tulichukua mto wa kusagia nafaka ya mji mzima tukataka kunyweshea kifaranga.

Katika banda letu msumari ulikuwa umetoboa ganda la waya juu ya nguzo, ukagusanisha waya wa kwenda na waya wa kurudi. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, wa spika ya redio, na ukinzani wake kutoka kwenye kasha mpaka msumarini, kwenda na kurudi, ulikuwa karibu na omu 1. Gawanya volti 12 kwa omu 1, utapata ampea 12. Zidisha ampea 12 kwa volti 12, utapata wati 144. Globu ya zamani ya wati 100 mtu hawezi kuishika. Sasa fikiri joto lililozidi lile, limefichwa katika waya mwembamba, na waya umelala juu ya makuti.

Kijana wetu akauliza swali jema. Je, makasha haya hayana kinga ndani yake, ya kuzima pindi nyaya zigusanapo? Kinga wanayo, na twalisema hilo kwa haki ya waliolitengeneza. Lakini kinga ile iliwekwa kulilinda kasha na kompyuta. Kasha letu laweza ampea 16, na waya wetu ulikuwa ukivuta ampea 12, basi kwa kasha hapakuwa na jambo lolote. Lilidhani linawasha kompyuta. Waya ungeendelea kuungua mpaka ukatike, na feni yake ikizunguka kwa raha.

Hili ndilo tunalotaka kila mzazi alishike, hata asiposoma yaliyobaki: kasha la kompyuta haliulindi waya wako. Anayeulinda waya ni fyuzi, na fyuzi hiyo waiweka wewe. Mahali pake ni kwenye waya wa njano, karibu kabisa na kasha, kabla ya waya kuanza safari yake. Fyuzi ikiwekwa mbali, kipande chote kilicho kati yake na kasha hakina mlinzi. Na kiasi chake kiwe juu kidogo ya mahitaji ya taa, na chini ya uwezo wa waya. Taa zikitaka nusu ampea, fyuzi ya ampea 1 yatosha. Fyuzi za kioo pamoja na vikombe vyake hupatikana katika maduka ya vipuri vya redio na vya magari, na bei yake haizidi nauli. Na pale unapokatika, asitokee mtu mwerevu akauziba kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Tumeyaona hayo majumbani, na hatuna neno la upole la kuyasemea.

Twende sasa kwenye taa zenyewe. Wengi hudhani kuwa LED ni globu iliyofanywa ndogo. Sivyo. Globu ya zamani ina uzi uwakao, na uzi ukipata moto ukinzani wake huongezeka, hivyo hujizuia wenyewe. LED haijizuii. Ikipata moto huupokea umeme kwa wepesi zaidi, ukiupokea zaidi huzidi moto, na kadhalika mpaka ife. Kwa hiyo kila mkondo wa taa hizi lazima uwe na rezista, kile kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, ambacho kazi yake ni kumwambia umeme: hapa unapita kwa kiasi hiki, basi.

Hesabu yake mtoto wa darasa la sita aiweza. LED nyekundu hula karibu na volti 2. Nyeupe na ya buluu hula zaidi kidogo ya 3; sisi twachukua 3.2. (Nyeupe na buluu ni ndugu, kwani LED nyeupe aghalabu ni ya buluu iliyopakwa unga wa manjano mbele yake. Nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962, lakini ya buluu yenye mwanga mkali iliwasumbua wataalamu hata miaka ya 1990, na waliofaulu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Vijana wetu wanaovipata vitaa hivi dukani kwa sarafu wangefaa kujua vilichukua miaka mingapi.)

Basi ukipanga LED nyeupe 3 kwa mfuatano, zitakula volti 9.6. Kasha latoa 12. Zilizobaki ni volti 2.4, nazo ndizo atakazozila rezista. Tukiweka rezista ya omu 150, gawanya 2.4 kwa 150, utapata miliampea 16. Taa zitawaka vizuri na hazitapata moto. Baadhi ya vitabu vyataka miliampea 20 kamili, hivyo omu 120. Lakini kasha laruhusiwa kupanda mpaka volti 12.6, na hapo omu 150 zatoa miliampea 20, na omu 120 zatoa 25. Sisi twapenda taa iliyopungua mwanga kidogo na kuishi miaka.

Kijana wetu mara ya kwanza aliziunga taa 30 bega kwa bega, akazipa zote rezista moja. Aliona ni uchumi. Taa zile hazifanani kama zinavyoonekana. Moja hupokea zaidi ya jirani yake, ikapata moto, ikapokea zaidi, ikafa, na fungu lake likawaendea waliobaki. Zilikufa 11 kabla ya magharibi, na tulisema kwamba ni taa mbovu za mchuuzi. Mchuuzi yule tulimdhulumu kwa maneno, na tumekwisha kumwomba radhi. Kila mkondo wa taa 3 uwe na rezista yake. Rezista 40 si mzigo.

Ama zile taa za utepe zinazouzwa kwa roli la mita 5 na kuandikwa volti 12, hizo rezista zimo ndani yake tayari, na huungwa moja kwa moja, njano kwa chanya na nyeusi kwa hasi. Lakini nazo zataka fyuzi, na nazo zataka kibandiko kisomwe. Roli la wati 24 lavuta ampea 2. Lipo pia la wati 72, nalo lavuta ampea 6. Waya wa spika hauyawezi hayo. Na roli lisiwashwe likiwa limeviringwa, kwa maana joto lake halina pa kutokea.

Hapa wengine hutuuliza kama mambo haya haya hayawezi kufanywa kwa betri ya gari, hasa umeme ukatikapo, na sisi hapa tunajua kukatika kwa umeme. Yawezekana, na kasha la kompyuta halifai kitu hapo, kwani nalo hufa pamoja na umeme. Lakini angalieni: betri inayochajiwa hupanda mpaka volti 14.4, na rezista yetu ya omu 150 wakati huo itapitisha miliampea 32, mara mbili ya tulizozikusudia. Kwa betri tumia omu 240. Fyuzi ni lazima vilevile, na zaidi, kwa sababu betri haina kinga yoyote ndani yake.

Tumesema habari za upande wa volti 12. Upande wa pili wa kasha ni umeme wa ukutani, volti 230, na huko hakuna kushikashika. Kasha lisifunguliwe kamwe. Ndani yake zimo kapasita zinazoweka umeme wa zaidi ya volti 300, na kuchomoa plagi hakuzimalizi papo hapo. Waliozoea kufungua redio ya betri wasidhani ni mambo yale yale. Likiharibika litupwe au apelekewe fundi wa kweli. Makasha makuukuu yamejaa, wala hapana sababu ya kuhatarisha roho kwa kitu cha bei ile.

Baadhi ya makasha ya zamani yana kiswichi chekundu nyuma, karibu na mahali pa kuingilia umeme, kilichoandikwa 115 na 230. Kiswichi hicho ni kwa ajili ya nchi kama Marekani, ambako umeme wa ukutani ni karibu nusu ya wetu. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka plagi hapa petu, utasikia mlio kama wa fataki na utanusa harufu mbaya. Sisi hatukuambiwa hilo na mtu, tulisikia mlio. Hivi sasa twatumia kasha la pili.

Rangi za nyaya nazo zisiaminiwe kama rangi za kangha. Desturi iliyoanza na makasha ya ATX mwaka 1995 ni njano volti 12, nyekundu volti 5, rungwa la machungwa volti 3.3, nyeusi kurudi, na kijani ndio wa kuwashia. Lakini zipo kampuni zilizobadili mpango, na makasha mengi ya leo nyaya zake zote ni nyeusi. Mita itangulie, mkono ufuate. Waya wa zambarau wauangalieni pia: una volti 5 maadamu plagi imo ukutani, hata kama feni imesimama. Na makasha makuukuu mengine, yasipopewa kazi kwenye waya mwekundu, hutoa volti 12 zisizo sawa. Dawa yake ni rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10, kati ya nyekundu na nyeusi. Hupata joto, kwa hiyo ifungwe kwenye bati mbele ya feni, mbali na plastiki.

Limebaki jambo moja ambalo lilikuwa likitufika kwa siri. Mama mmoja wa hapa kijijini, alipoona taa zetu, aliomba tumpelekee waya wa volti 12 mpaka uani, mahali pa kutilia udhu, kwa vile wazee hujikwaa gizani. Ombi zuri, na kwa maneno ya volti 12 ni salama kuliko kupeleka umeme wa ukutani penye maji. Lakini tulipogusa bati la kasha nyumbani kwake, tulihisi mchonyoto vidoleni. Sababu yake ni kwamba waya mweusi wa kasha umeungwa na bati, na bati laungwa na ethi kwa njia ya mguu wa tatu wa plagi. Nyumba ile haikuwa na ethi. Soketi ilikuwa na matundu matatu, nyuma yake nyaya mbili. Bila ya ethi bati huelea na umeme kidogo, na siku kasha liharibikapo ndani, volti 230 zote zaweza kusafiri katika ule waya mweusi mpaka kwa mzee aliyesimama pekupeku juu ya saruji yenye maji. Hatukumpelekea waya. Tulimfungia betri ndogo na LED 6, na mwanawe huichaji mchana.

Kwa ajili hiyo tumewaambia vijana: kabla ya kuunga taa yoyote, fundi wa nyumba apime ethi. Na aliye na taa chache tu, kama mbili au tatu za chumbani, hana haja ya kasha kubwa. Kaadapta ka volti 12, kama kale ka ruta iliyokufa, kanatosha, tena kanakula umeme mdogo. Kasha lina faida penye taa nyingi na mahali pakavu pa kuliweka, ndani ya nyumba, si chini ya makuti.

Mwaka huu tulisoma maulidi tena. Kasha liliwekwa ofisini, juu ya meza ya mbao, mlango wazi ili feni ipate hewa. Mikondo 40 ya taa 3, taa 120 kwa jumla, ilivuta ampea 0.64, yaani wati zisizofika 8. Waya ulikuwa mnene, nao ulipitishwa juu ya kamba, bila ya msumari hata mmoja. Kiasi cha saa tatu usiku, katikati ya kasida, banda lilizimika ghafla, watoto wakaguta. Wazee wote walitutazama sisi, nasi tukatazama juu. Hapakuwa na moshi. Mtoto mmoja alikuwa amening'inia kwenye kamba, nyaya zikabanana kwenye kiungio. Kijana wetu, mwenye alama mbili vidoleni, akakifungua kiungio, akakifunga tepu upya, akatoa fyuzi nyingine mfukoni mwa kanzu. Kasida ikaendelea kutoka ubeti uliokatika.